Nguvu ya Kukopa

Fundisho la usalama na afya: miti ya kuchangamsha mwili na hatari yake kazini

Ndugu mfanyakazi,

Tuanze fundisho letu na ulizo moja. Ni saa nane ya usiku. Bado saa nne mbele ya kumaliza kazi. Macho yanataka kufumba, miguu imekuwa mizito, na kamyo yako imejaa mawe. Mwenzi wako anatoa kichupa mfukoni, anakupa vidonge viwili na kukuambia: «Meza hivi. Si dawa ya hospitali, ni miti tu. Baada ya nusu saa utakuwa kama mtu aliyelala usiku mzima.»

Utafanya nini?

Wengi watajibu haraka: «Mimi siwezi kumeza.» Lakini tusijidanganye. Mtu aliyechoka, mwenye kuogopa lawama ya mkubwa wa kazi, mwenye jamaa ya kulisha, anaweza kunyoosha mkono. Ndiyo maana tunaandika fundisho hili. Hatuandiki kwa kukukemea. Tunaandika ili usiku ule ukifika, uwe umekwisha kujua jibu lako na sababu yake.

1. VITU HIVI NI NINI?

Madukani, sokoni, na siku hizi hata kwa njia ya simu, watu wanauza vidonge, unga na vinywaji vinavyoitwa «nyongeza ya chakula». Juu ya chupa wameandika maneno matamu: kuongeza nguvu, kupunguza unene, kuondoa usingizi, kurudisha nguvu za kiume. Kiisha wanaongeza neno moja, na neno hilo ndilo linalodanganya watu wengi: «Vimetoka katika miti, havina ubaya.»

Nyongeza zingine ni vitamini tu, na hatuzisemi hapa. Tunasema juu ya zile zenye miti ya kuchangamsha, yaani majani, magome au mbegu zinazopiga moyo na ubongo kiboko ili viende mbio kuliko desturi yao.

Kwanza tuondoe wazo la «miti tu». Muhogo mchungu unatoka shambani, haukutoka kiwandani. Lakini kila mama wa kwetu anajua kwamba usipolowekwa siku za kutosha unabaki na sumu. Hapa Kongo ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ya watoto na mama zao, unatokana na muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri. Tumbaku nayo ni jani. Basi kitu hakipimwi kwa pahali kilipoota. Kinapimwa kwa kazi kinayoifanya ndani ya mwili.

2. HABARI YA MTI MMOJA

Tuchukue mti mmoja ambao habari yake inajulikana toka mwanzo mpaka mwisho. Unaitwa efedra, Wachina wanauita ma huang. Ni kichaka kidogo chenye vijiti vya kijani, karibu bila majani. Tangu zamani sana waganga wa Uchina walichemsha vijiti hivyo kwa kutibu kikohozi na pumu. Mwaka 1885 mtaalamu wa Japani, Nagayoshi Nagai, alitoa ndani ya mti huo dawa yenyewe, efedrini.

Hata leo hospitali zinatumia efedrini. Munganga anaitia kwa sindano wakati mgonjwa amelala mezani kwa kupasuliwa na tansio yake imeshuka. (Tansio ni nguvu ya damu inavyosukuma ndani ya mishipa.) Angalia vizuri, ndugu: ni dawa ya kupandisha tansio, munganga anaipima kwa miligramu, na moyo wa mgonjwa unaangaliwa kila dakika.

Sasa dawa hiyo hiyo ilitoka mikononi mwa waganga na kuingia madukani. Katika Marekani, sheria ya mwaka 1994 iliruhusu nyongeza za chakula ziuzwe bila kuomba kwanza ruhusa ya serikali. Mwenye kuuza hakupashwa kuonyesha mbele kwamba kitu chake hakina hatari. Ilikuwa serikali iliyopashwa kuonyesha kwamba kina hatari, na hiyo ni baada ya watu kukitumia. Basi efedra ilitiwa katika vidonge, mara nyingi pamoja na kafeini, ile dawa ya kufukuza usingizi iliyo ndani ya kahawa. Wachezaji wa michezo, askari, na wanawake waliotaka kupunguza unene waliimeza.

Matokeo yake ni haya. Mwaka 2000 waganga wawili wa California walitangaza uchunguzi wao juu ya taarifa 140 za watu walioumwa baada ya kumeza vidonge hivyo. Katika zile walizoona kwamba efedra ilikuwa sababu, au yaweza kuwa sababu, walikuta tansio iliyopanda mara 17, moyo kupiga mbio mara 13, mshipa wa ubongo kuziba au kupasuka mara 10, na degedege mara 7. Watu 10 walikufa. Wengine 13 walibaki vilema kwa maisha.

Mwaka 2001, vitu vya efedra vilikuwa chini ya sehemu moja katika mia ya nyongeza zote za miti zilizouzwa Marekani. Lakini katika mia ya watu walioleta habari ya kudhurika na miti, 64 walikuwa wamemeza efedra. Mwaka 2002 kampuni moja iliyouza vidonge hivyo ilikubali kutoa kwa serikali taarifa karibu 13,000 za watu waliolalamika. Zilikuwa zimekaa katika makabati yake.

Na faida ilikuwa nini? Wachunguzi walipima: mtu aliyemeza efedra kwa kupunguza unene alipoteza karibu kilo moja tu kwa mwezi kuliko yule asiyemeza. Kwa kilo moja, watu waliweka moyo wao rehani.

Tarehe 12 mwezi wa nne mwaka 2004, serikali ya Marekani ilikataza nyongeza zenye efedra. Kwanza zilikuwa zimeuzwa miaka na miaka, na wateja ndio waliokuwa mtego wa kupimia sumu.

3. KIJANA WA MIAKA 23

Hesabu zinasahaulika upesi. Basi sikiliza habari ya mtu mmoja.

Steve Bechler alikuwa mchezaji wa besiboli katika timu ya Baltimore Orioles. Mwezi wa pili mwaka 2003 alifika Florida, inchi ya joto, kwa mazoezi ya kuanza mwaka wa michezo. Alikuwa mnene, na alitaka kupunguza uzito haraka asije akakosa nafasi yake. Alikula kidogo sana. Alimeza vidonge vya efedra. Mwili wake ulikuwa haujazoea joto la pale.

Tarehe 16 alianza kuyumba mazoezini, akaanguka. Joto la mwili wake lilipanda mpaka kupita digri 42. Kiungo kimoja baada ya kingine kilisimama kazi yake. Kesho yake asubuhi alikufa. Alikuwa na miaka 23, na mke wake alikuwa na mimba.

Munganga aliyepima maiti alisema sababu zilikuwa nyingi zilizoungana: joto, unene, njaa, tansio iliyokuwa juu kidogo, ini lisilo zima, mwili usiozoea jua, na efedra. Shika neno hilo: sababu nyingi zilizoungana. Ajali ya kazini nayo inakuja hivyo hivyo. Mara nyingi hakuna kosa moja kubwa. Kuna makosa madogo matano yaliyokutana saa moja.

Na sasa jiulize mwenyewe. Nani hapa kwetu anafanya kazi ngumu katika joto, pengine bila kula, pengine na tansio asiyoijua, na kwa hofu ya kupoteza nafasi yake? Si mchezaji wa besiboli peke yake.

4. VINATUMIKA NAMNA GANI NDANI YA MWILI?

Mwili wako una mlinzi wake. Ukichoka, unakuletea uzito wa miguu. Ukikosa usingizi, unafumba macho. Ukipata joto la kupita kiasi, unakutoa jasho, unakutia kiu, unakuambia: «Simama.» Alama hizi si uvivu. Ni sawa na taa nyekundu mbele ya dereva wa kamyo. Taa ikiwaka, motere inaomba maji au mafuta.

Dereva mmoja anaona taa nyekundu. Hasimamishi kamyo. Anachukua kitambaa na kufunika taa. Je, motere imepoa? Hapana. Inazidi kuungua, lakini sasa hakuna anayejua, mpaka inapokufa katikati ya mteremko.

Miti ya kuchangamsha ni kile kitambaa. Hailetei mwili chakula. Haiulipi usingizi wake. Inafanya haya manne:

Moyo. Inausukuma upige mbio na kwa nguvu zaidi. Moyo mzima unaweza kuvumilia. Moyo wenye ugonjwa uliofichika unaweza kupoteza mwendo wake na kusimama.

Mishipa. Inaikaza, na tansio inapanda. Mshipa dhaifu wa ubongo unaweza kupasuka.

Joto. Motere inayokwenda mbio inaongeza moto. Mwili ni vivyo hivyo. Na mishipa ya ngozi ikikazwa, joto halipati njia ya kutoka. Ni kama kuwasha moto mkubwa na kuziba dirisha.

Ubongo. Inaficha uchovu. Mtu anajiona hodari, anapata haraka, anakasirika bure, mikono inatetemeka. Anawaza kwamba anaona vizuri, na haoni vizuri.

Kiisha nguvu ya dawa inamalizika. Hapo uchovu wote uliofichwa unarudi mara moja, kama mkopeshaji wa mtaani siku ya mshahara. Ndiyo sababu tunaiita nguvu ya kukopa. Na deni hili halichagui saa ya kudai. Linaweza kudai wakati umeshika usukani.

5. KWA NINI HATARI NI KUBWA ZAIDI KWETU?

Mtu wa ofisini akimeza vidonge hivi na kuona kizunguzungu, atakaa katika kiti chake. Wewe je? Uko juu ya ngazi, chini ya mwamba, karibu na mkanda unaozunguka, mbele ya tanuru, au ndani ya makina ya tani nyingi. Kizunguzungu cha nusu dakika kinatosha.

Tena tuna joto. Kila mtu aliyeshuka shimoni anajua kwamba kadiri unavyoshuka, mwamba unazidi kuwa na moto. Wanaotumika juu, katika mwezi wa tisa na wa kumi mbele ya mvua, wanajua jua la Katanga. Wa tanuru hawahitaji kufundishwa. Mtu aliyevaa kasike, viatu vizito na nguo nene anapashwa kutoa joto la mwili kwa kila njia. Akimeza kitu kinachofunga njia hizo, anajifungia mwenyewe ndani ya tanuru.

Tena tuna kazi ya usiku. Mwili umeumbwa kulala wakati wa giza. Saa za hatari kubwa ni kati ya saa nane ya usiku na saa kumi na mbili ya asubuhi, wakati ubongo unapovutwa sana na usingizi. Dawa haifuti usingizi. Inauahirisha mpaka saa ya kurudi nyumbani, na wewe uko juu ya pikipiki.

Mwisho, tansio haina kelele. Mtu anaweza kutembea nayo miaka mingi bila kuumwa kichwa hata siku moja. Wewe unayesema «mimi ni mzima», ulipimwa lini?

6. JINA LINABADILIKA, KAZI NI ILE ILE

Efedra ilipokatazwa, wauzaji hawakufunga maduka. Walitafuta miti mingine na majina mengine. Jua majina haya:

Guarana. Ni mbegu ya msitu wa Brazili. Ina kafeini nyingi kuliko mbegu ya kahawa. Mtu anasoma «guarana», hajui kwamba anakunywa kafeini. Kiisha anaongeza kahawa na kinywaji cha kopo juu yake.

Kola. Ni zile mbegu chungu ambazo wengi wanaita makasu. Nazo zina kafeini. Mzee anayetafuna kipande akipiga habari na wenzake hatuna neno naye. Lakini kola iliyokaushwa, ikasagwa na kukusanywa katika kidonge kimoja pamoja na vitu vingine ni jambo lingine.

Chungwa chungu. Ganda lake lina sinefrini, ndugu wa efedrini. Wauzaji wengi walilishika mara tu efedra ilipoondolewa.

Yohimbe. Huyu ni mtoto wa kwetu. Ni gome la mti wa misitu ya Afrika ya kati, toka Kameruni mpaka Gabon na Kongo, na watu wanaliuza kwa nguvu za kiume. Linaweza kupandisha tansio, kuleta wasiwasi na kupiga moyo mbio. Mwaka 2015 wachunguzi walipima aina 49 za nyongeza za yohimbe zilizouzwa Marekani. Zingine hazikuwa na dawa hata kidogo. Zingine zilikuwa nayo nyingi. Aina 2 tu katika 49 zilimwambia mteja sawasawa kipimo na ubaya wake.

DMAA. Wauzaji walisema inatoka katika mmea wa jeranio. Serikali ya Marekani ilisema hakuna ushahidi wa kutosha wa maneno hayo. Mwaka 2011, baada ya askari wawili kufa mazoezini, jeshi la Marekani liliiondoa katika maduka ya kambi zake. Mwaka 2012 mwanamke wa miaka 30 alianguka na kufa karibu na mwisho wa mbio ndefu za London. Uchunguzi wa kifo ulisema DMAA aliyoinywa ilisaidia kuleta kifo chake.

Kuna jambo baya zaidi. Mara nyingine kilichoandikwa juu ya chupa sicho kilicho ndani. Toka mwaka 2007 mpaka 2016, serikali ya Marekani ilikuta nyongeza 776 zilizofichwa ndani yake dawa za kiwandani ambazo hazikuandikwa. Vidonge vya «miti ya nguvu za kiume» vilikuwa na dawa ya hospitali. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za kufungua mishipa akimeza vidonge hivyo, tansio yake inaweza kuanguka mpaka afe. Ikiwa Marekani yenye maabara nyingi ilidanganywa mara 776, wewe utatambua namna gani unga usio na jina unaouzwa mlangoni mwa kazi?

7. ALAMA ZA HATARI NA MSAADA WA KWANZA

Ukiisha kumeza kitu cha namna hii, au ukiona mwenzi wako ana alama hizi, usingoje:

– moyo unapiga mbio hata akikaa, au unaruka-ruka;
– maumivu ya kifua, au pumzi fupi;
– kichwa kinauma kwa ghafula na kwa nguvu;
– mdomo umepinda, mkono mmoja hauna nguvu, maneno hayatoki sawa;
– mikono inatetemeka, au degedege;
– katika joto: anayumba, anachanganyikiwa, anajibu ovyo, ngozi ni ya moto sana.

Fanya hivi. Simamisha kazi na makina. Ita watu wa msaada na mkubwa wa kazi mara moja. Mtoe mgonjwa pahali pa joto, mlaze kivulini au penye upepo. Mfungue nguo nzito. Kama amepigwa na joto, mmwagie maji mwili mzima bila kuacha na kumpepea. Tia vitambaa vya maji baridi shingoni, kwapani na mapajani. Usingoje gari lifike ndipo uanze: kila dakika ya joto inaharibu ubongo. Kama hana akili sawasawa, usimnyweshe kitu. Mlaze kwa ubavu asije akasongwa na matapishi.

Na hili ni kubwa: mwambie munganga alichomeza. Mpe kichupa chenyewe. Wengine wanaficha kichupa kwa haya, au kwa hofu ya kuadhibiwa mwenzao. Kwa kumficha rafiki unamzika. Munganga asiyejua anaweza kumpa dawa inayoongeza hatari, kwa maana dawa zingine za malaria, za pumu na za moyo haziendi vizuri pamoja na vichangamsho hivi.

8. NGUVU YA KWELI INATOKA WAPI?

Utauliza: «Sasa nikichoka nifanye nini?» Ni ulizo la haki. Jibu lake si tamu kama maneno ya chupa, lakini ni la kweli.

Lala. Mtu mzima anapashwa kulala saa saba au zaidi. Ukitoka kazi ya usiku, usipitie kwanza kwenye pombe. Funika dirisha kwa kitambaa kizito, zima simu, lala. Mbele ya kurudi kazini usiku, lala tena kidogo.

Kula. Usishuke shimoni na tumbo tupu. Bukari na mboga, maharagi, samaki au mayai, mbele ya kazi. Nusu ya kazi, kula kidogo tena.

Kunywa maji. Katika joto, kikombe kimoja kila dakika 15 au 20, hata mbele ya kiu.

Zoea joto polepole. Mtu mpya, au aliyerudi kutoka likizo au ugonjwa, mwili wake unahitaji wiki moja mpaka mbili kwa kuzoea. Aanze kidogo kidogo. Mkubwa wa kazi asimcheke.

Kahawa au chai si adui. Kikombe kimoja mwanzoni mwa kazi ya usiku kinasaidia. Kwa mtu mzima mwenye afya, kipimo cha mwisho ni miligramu 400 za kafeini kwa siku nzima, karibu vikombe vine vya kahawa. Kopo moja la kinywaji cha nguvu la mililita 250 lina karibu miligramu 80. Hesabu yote pamoja. Na usinywe karibu na saa ya kulala, utajiibia usingizi wa kesho.

Sema. Ukiona huwezi kuendesha bila hatari, mwambie mkubwa wako. Na wewe mkubwa wa kazi, mtu akikuambia «nimechoka, naogopa kuua watu», usimwite mvivu. Amekuletea taa nyekundu mkononi. Ukimfokea, kesho ataifunika.

Pimwa. Pitia dispanseri, pimisha tansio yako. Uchovu usiokwisha hata baada ya kulala unaweza kuwa ugonjwa: upungufu wa damu, sukari, kifua kikuu, minyoo. Kichangamsho hakitibu hata kimoja. Kinakupotezea miezi ambayo ungekuwa umekwisha kutibiwa.

9. NENO KWA MAMA WA NYUMBANI

Mama, na wewe una kazi katika usalama wa shimo. Baba akirudi asubuhi, watoto wacheze mbali na dirisha lake. Dakika za kelele ulizozuia ni dakika za uhai wake usiku.

Tena jihazari na vidonge vya kupunguza unene ambavyo jirani anavileta kwa siri. Mwenye mimba au mwenye kunyonyesha asivimeze hata kimoja. Na kichupa chochote kilichomo nyumbani, kiweke juu, mbali na mikono ya watoto: kiasi kinachotetemesha mtu mzima kinaweza kuua mtoto.

MAULIZO YA KUJIPIMA

Soma maulizo haya pamoja na wenzako wakati wa kupumzika, na mjibu bila kuangalia juu.

1. Kwa nini neno «ni miti tu» si neno la kutegemea?
2. Efedrini inatumika kwa kazi gani hospitalini, na kwa uangalizi gani?
3. Ni sababu gani zilizoungana siku ile Florida? Zipi kati yake ziko pia katika kazi yako?
4. Mwenzako anayumba katika joto na kujibu ovyo. Kazi yako ya kwanza ni nini?
5. Tansio yako ni ngapi? Kama hujui, utaipimisha siku gani?

Ndugu mfanyakazi, tulianza na usiku wa saa nane na vidonge viwili katika mkono wa mwenzi wako. Huyo mwenzi si adui. Naye amechoka, naye alidanganywa. Basi usimtukane. Mwambie: «Ndugu, tusimamishe makina dakika kumi, tunywe maji, tumwambie mkubwa.» Shaba imengoja ndani ya ardhi tangu zamani sana, inaweza kungoja dakika kumi tena. Jamaa yako nyumbani inamngoja mtu mzima, mwenye akili yake na moyo wake.

Nguvu ya kukopa italipwa. Usikubali ilipwe na watoto wako.